Macho, pumzi au damu: ukisimamishwa usiku barabara ya Tanga, simamia kipimo kipi?

Mpwa wangu anaendesha Noah ya kukodi. Njia yake ni Tanga mjini na Muheza, na kukiwa na harusi hupanda hadi Lushoto. Mwezi uliopita alinitumia klipu: Mmarekani kasimamishwa kando ya barabara, polisi anamwambia atembee juu ya mstari, kisigino mbele ya kidole, naye anajibu kwa kiburi kwamba hatembei, hapulizi, hasemi, ni haki yake. Chini yake mpwa kaandika: "Mjomba, kumbe inaruhusiwa kukataa! Siku wakinisimamisha Pongwe, nami nagoma."

Nilimpigia palepale. Haki aliyoiona ni ya huko ilikopigwa klipu, na hata huko haiko vile inavyoonekana. Tulizungumza mpaka salio likaisha, na kwa kuwa si yeye peke yake aliyetumiwa ile klipu, nimeona niyaweke kwa maandishi.

Kwetu, ukishukiwa pombe usukanini, kuna njia tatu za kukujua. Askari akutazame na kukunusa. Upulize kwenye mashine. Upelekwe hospitali utolewe damu. Wapo wanaodhani kuna ya nne, kukataa vyote, nayo nitaifikia.

Kabla ya kuzilinganisha, jua unashukiwa nini. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, ina makosa mawili ambayo vijiweni huchanganywa kuwa moja. Kuna kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kisha kuna kuendesha huku kilevi katika damu yako kimevuka kiwango, yaani miligramu 80 katika kila mililita 100 za damu. Kosa la kwanza linathibitishwa kwa mwenendo wako: uliyumba, uliongea ovyo, uliegemea mlango ili usimame. La pili ni namba tu. Mtu anaweza kusalimia vizuri, akaegesha gari kinyumenyume bila kugusa ukuta, na bado namba ikamfunga. Mwingine akawa chini ya 80 lakini gari linamshinda, akanaswa na lile la kwanza. Tena gari si lazima liwe linatembea. Kujaribu kuliondoa kumo, hata kuwa msimamizi wake barabarani huku umelewa kumo. Yule anayesema "nimelala tu kwenye siti ya dereva na ufunguo uko kwenye swichi" ana maelezo ya kutoa.

Macho na pua

Hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa kila mtu, maana hakihitaji chombo. Askari anamulika tochi, anakuuliza unatoka wapi, anasikiliza ulimi, ananusa. Kwa mlevi wa kupindukia kinatosha. Shida yake ni kwa wengine wote.

Mimi sinywi. Lakini mwaka mmoja nilikuwa narudi kutoka harusi upande wa Muheza, saa 8 usiku, baada ya siku mbili za kutolala. Nilikuwa msimamizi wa mapishi, na aliyewahi kusimamia pilau la kuni kwa watu mia nne anajua macho yanavyokuwa. Nyuma nilikuwa na masufuria ya kukodi, shangazi yangu, na kijana mmoja wa ngoma niliyempa lifti, amelala fofofo ananuka mnazi kama mbuyu wa mgema. Tukakuta kizuizi, sitakitaja ni kipi.

"Mzee, shikamoo. Umekunywa."

"Marahaba. Sijanywa, afande."

"Gari inanuka."

"Anayenuka ni yule pale nyuma."

Tochi ikaenda nyuma, ikarudi usoni kwangu. "Na hayo macho?"

Nikaambiwa nishuke, nitembee mpaka kwenye nguzo na kurudi. Nimevaa ndara, goti la kulia ni bovu tangu nianguke na baiskeli utotoni, na pembeni ya lami pale ni kokoto. Nikatembea kama bata. Niliporudi yule askari akamgeukia mwenzake: "Unaona?" Shangazi kutoka ndani ya gari akasema kwa sauti kwamba mtoto wao huyo anatembea hivyo tangu darasa la tatu. Hakusaidia kitu.

Nikaomba mashine. Haikuwepo pale, ilikuwa kwa kikosi kingine. Nikasema nitasubiri. Tulikaa kama dakika arobaini, tukipigwa na umande, mpaka ikaletwa na pikipiki. Nikapuliza. Ikaandika 0.00. Askari akanionyesha kioo mwenyewe, akasema, "Pole mzee, safari njema," na kwa kweli sina kinyongo naye. Angefanya nini? Macho mekundu, harufu ya mnazi, mwendo wa bata. Mimi mwenyewe ningejishuku.

Ndiyo maana naona macho ni kipimo kibovu kuliko vyote kwa mtu ambaye hajanywa. Na si suala la goti tu. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hutoka jasho, hutetemeka, ulimi huwa mzito na hujibu yasiyoulizwa. Ukimtazama ni mlevi mtupu, na ukimfungia mahabusu badala ya kumpa kitu kitamu unaweza kumpoteza. Aliyepata kiharusi kidogo zamani, mwenye kigugumizi, aliyekesha msibani, wote hawa hufeli mtihani wa macho. Ukiwa na hali ya namna hiyo, iseme dakika ya kwanza kabla hujaambiwa ushuke, na kadi ya kliniki ikae pamoja na leseni.

Kinachoyapa macho nguvu ni kimoja tu: bangi na dawa za kulevya. Kipima ulevi kinasoma pombe na hakijui kingine. Aliyevuta bangi anaweza kupuliza sifuri mara kumi na bado akawa hawezi kulimudu gari, na hapo mwenendo ndio ushahidi.

Ule mstari wa kwenye klipu

Zile hatua si ubunifu wa polisi mmoja. Ni mtihani rasmi uliobuniwa Marekani miaka ya 1970 kwa fedha za idara yao ya usalama barabarani, NHTSA, nao una sehemu tatu. Ya kwanza ni jicho: unafuata kalamu ikipelekwa polepole kushoto na kulia, askari akitazama kama mboni inarukaruka. Ya pili ni hatua tisa kisigino kwa kidole, kugeuka kwa namna uliyoonyeshwa, na tisa za kurudi. Ya tatu ni kusimama kwa mguu mmoja, mwingine ukiwa juu kama inchi 6, ukihesabu kwa sauti sekunde 30. Kwenye zile hatua kuna dalili nane zinazotafutwa. Zikionekana mbili tu, umefeli.

Utafiti wao wenyewe wa 1981 ulikuta kwamba jicho peke yake linapatia kwa asilimia 77, mstari 68, mguu mmoja 65. Yaani kwenye mstari, karibu mtu mmoja kati ya watatu aliwekwa upande usio wake. Na mwongozo wao unakiri kwamba waliozidi miaka 65, wenye mgongo au miguu mibovu, na wazito kupita kiasi, huhangaika hata wakiwa wakavu. Nilipousoma huo mstari niliona goti langu limetajwa.

Sasa haki ya kukataa. Katika majimbo mengi ya Marekani, kukataa kutembea kwenye mstari kabla hujakamatwa hakuna adhabu, na ndicho alichokuwa anajivunia yule bwana wa klipu. Lakini polisi akiwa na dalili nyingine anaweza kumkamata hivyohivyo, na akishakamatwa hadithi inabadilika. Sheria za majimbo yao zinamhesabu kila aliyeshika usukani kuwa amekwisha kukubali kupimwa; akikataa kupuliza baada ya kukamatwa, leseni huondoka hata kabla ya hukumu. Mahakama yao ya Juu kabisa, katika shauri la Birchfield dhidi ya North Dakota la 2016, ilisema aliyekamatwa anaweza kupulizishwa bila hati ya mahakama, ila kumtoa damu kunahitaji hati au ridhaa yake. Klipu haikufika huko. Iliishia pale mtu anapopigiwa makofi.

Kwetu Sura ya 168 inazungumza pumzi na vipimo vya maabara. Haizungumzi hatua tisa. Ukiambiwa utembee, hiyo ni namna ya askari kukutazama zaidi, na hakuna jedwali la alama nyuma yake. Je, ukatae? Mimi sikukataa, na sikushauri ubishane kuhusu nguzo saa 8 usiku. Sema kwa adabu una tatizo gani la mguu, kisha omba mashine. Ombi hilo lina uzito kuliko kukataa.

Kupuliza

Mashine haipimi harufu, ingawa wengi wanaamini hivyo na ndiyo maana wanatafuna karafuu, pipi za mnanaa, hata vitunguu. Inapima pombe inayotoka kwenye damu ikaingia mapafuni na kutoka na pumzi ya ndani kabisa. Hesabu inayotumiwa sana ni 1 kwa 2,100: pombe iliyomo kwenye mililita moja ya damu ni sawa na iliyomo kwenye mililita 2,100 za pumzi. Kwa hesabu hiyo, zile miligramu 80 za damu ni kama miligramu 0.38 kwa lita ya pumzi. Majirani zetu Wakenya waliandika 0.35 kwenye kanuni zao za 2011, kwa hiyo wewe unayevuka Horohoro kwenda Mombasa usibebe hesabu za huku. Mashine yao, wanayoiita alkoblo, itakukuta mapema kidogo.

Karafuu haisaidii. Kahawa nayo haisaidii, na hili nalisema nikiwa Tanga ambako kahawa ni dawa ya kila kitu: mlevi akinywa vikombe vitatu vya kahawa chungu barazani anabaki mlevi, ila hana usingizi.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kumwonea mtu. Pombe iliyobaki mdomoni. Ukisukutua kwa dawa ya mdomo yenye spiriti, ukinywa dawa ya kikohozi yenye kilevi, ukicheua au kutapika muda huohuo, mashine inaweza kusoma ya mdomoni ikadhani ni ya damuni. Huisha yenyewe ndani ya dakika 15 hivi. Kwa hiyo kama umetoka kunywa dawa, sema, uombe usubiri robo saa upulize tena. Ukipuliza mara mbili na namba zikafuatana kwa karibu, hiyo ni ya damu. Ya mdomoni hushuka haraka.

Mengine ya kuomba ni madogo lakini yana maana. Mrija mpya, utolewe kwenye karatasi yake mbele yako. Ni afya yako, na ni usalama wa kipimo. Uione mashine ikiwa sifuri kabla ya kupuliza. Uione namba baada ya kupuliza, na saa iandikwe. Mwenye pumu au kifua kibovu aseme mapema kwamba pumzi ndefu inamshinda, maana kupuliza nusunusu kunatazamwa kama ujanja. Hakuna askari aliyewahi kunikatalia mrija mpya nilipouomba bila ukali. Neno "afande, naomba" hufungua mengi.

Kwa aliye mkavu, kipimo hiki ndicho cha kukimbilia. Dakika moja umemaliza, namba imeonekana na watu wote waliopo, na hakuna aliyebaki na la kusema kuhusu macho yako. Madereva wa mabasi walishazoea, wanapulizishwa stendi kabla ya safari, hasa mwisho wa mwaka, na hakuna anayeona amedhalilishwa. Wa abiria asitafute hata kiwango. Chake kiwe sifuri.

Damu

Damu ndiyo yenye uhakika zaidi, na ndiyo yenye usumbufu zaidi. Barabarani haitolewi. Utapelekwa kituoni, kisha hospitali, na kwa aliyekamatwa mjini Tanga huko mara nyingi ni Bombo. Anayetoa ni mtaalamu wa afya, hakuna askari anayeshika sindano. Sampuli ya kisheria hufungwa lakiri, huandikwa jina na saa, na kupimwa maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu hayaji usiku ule.

Mambo mawili hapa hayajulikani sana, nami niliambiwa na ndugu yangu wa maabara. Kwanza pamba. Kwa kawaida mkono hufutwa kwa spiriti kabla ya sindano, na spiriti ni pombe. Kwa kipimo hiki mkono ufutwe kwa kitu kisicho na pombe, kama ayodini, au maji na sabuni. Muulize tu nesi, "Dada, hiyo pamba ina spiriti?" Pili chupa. Damu iliyowekwa ovyo kwenye joto letu hili la pwani inaweza kuchacha, sukari yake ikageuka pombe ndani ya chupa, ukafungwa kwa bia iliyotengenezwa na vijidudu. Chupa sahihi ina dawa ya kuzuia hilo, na mara nyingi ina kizibo cha kijivu. Ni haki yako kutazama kizibo.

Wapo wanaodai damu ili kununua muda. Wamesikia kwamba mwili huondoa kama miligramu 15 kila saa, basi safari ya hospitali na foleni yake ikichukua saa mbili, 30 zimeyeyuka. Hesabu ni ya kweli, ila ina upande wa pili. Pombe uliyoigida mwishomwisho, ile ya "moja ya njiani", bado iko tumboni na huchukua nusu saa hadi saa nzima kupanda. Nimesikia ya jamaa aliyedai damu kwa ujanja na namba ikawa kubwa kuliko ya barabarani. Alijichongea.

Kwa hiyo damu mimi naiona ni ya hali mbili. Umepuliza, mashine imesema umevuka, nawe unajua moyoni hujanywa: simamia damu, tena upesi, wala usiondoke kituoni bila hilo kuandikwa. Au huwezi kupuliza kwa sababu ya kifua. Nje ya hizo, unajisumbua.

Kukataa vyote

Hii nitaipitia haraka kwa kuwa haina mengi. Kukataa kupuliza bila sababu ya maana hakukuvui kwenye kosa, kunakuongezea jingine. Na mwenendo bado unabaki kuwa ushahidi: askari wawili watasema uliyumba, nawe huna namba ya kuwajibu. Ukikataa umechagua macho, na macho nimeshayaeleza.

Kukataa kuzungumza ni jambo jingine, na hapo haki ni yako. Jina lako na leseni utatoa. Lakini swali la "umekunywa ngapi?" hulazimiki kulijibu, na jibu la "mbili tu afande" ndilo limewaponza wengi: umeshakiri umekunywa, na hakuna anayeamini mbili. Kaa kimya kwa heshima, upulize.

Ukifikishwa kituoni

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakupa mengi kuliko watu wanavyodhani. Uambiwe umekamatwa kwa kosa gani. Uonywe kwamba huna lazima ya kusema na kwamba utakachosema kinaweza kutumika. Uruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Na usiku huo ndugu ana faida kuliko wakili, kwa kuwa ndiye atakayekuja kulichukua gari na kukudhamini. Mahojiano yana saa nne za msingi, zikizidi ziongezwe kwa utaratibu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hujapewa dhamana. Na maelezo uliyoandikiwa, uyasome yote kabla ya kusaini; kama hukuona vizuri, omba usomewe, penye kosa parekebishwe nawe uweke sahihi pembeni.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Ni bure, na karatasi hiyo imebandikwa kwenye kuta za vituo vingi. Faini ya papo kwa papo, ile ya shilingi 30,000 tuliyoizoea kwa mwendokasi na tochi, inalipwa kwa namba ya malipo, haipiti mkononi. Na ulevi ni kosa la kwenda mahakamani, kwa hiyo anayekuambia "tumalizane hapahapa" anauza kitu ambacho si chake. Ukimpa hela ya maji, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamhesabu mtoaji sawa na mpokeaji. TAKUKURU wanapokea simu 113, haina gharama.

Na bima. Wenye bima kubwa, litoeni lile karatasi kabatini mlisome. Sharti la ulevi limo, kwa herufi ndogo.

Mwenye kunywa, hesabu yako hii hapa

Hapo juu nimemsemea zaidi asiyekunywa. Mpwa wangu yeye anakunywa, si sana, na alikuwa na swali la kweli: ngapi?

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe. Kwa mwanamume wa kilo 70, hiyo inapandisha damu kwa miligramu 40 takribani. Kwa mwanamke wa kilo 60 ni kama 60, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuisambaza. Toti mbili na nusu za konyagi ni sawa na bia moja. Toa 15 kwa kila saa. Basi bia tatu ndani ya saa tatu zinamweka huyo mwanamume kwenye 75, ukingoni kabisa, na ukingoni si mahali pa kutegesha leseni: tumbo tupu, mwili mwembamba au bia kali kidogo, umevuka.

Lakini lililomshtua ni asubuhi. Anza saa 2 usiku, maliza saa 6, bia sita. Hiyo ni 240, toa 60 za saa nne, umelala na 180. Saa 12 asubuhi umeoga, umekunywa chai na maandazi, unajiona mzima, unawasha gari kwenda kuchukua abiria Kange. Zimeondoka 90. Umebakiwa na 90. Umelewa kisheria, na mswaki mdomoni.

Na hiyo ni bia, yenye lebo. Huku kwetu kuna mnazi. Wa asubuhi ni mtamu, watoto wanaonja. Uleule ukikaa mpaka alasiri umechacha, unauma ulimi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hivyo kata hii si nguvu ya kata ile, hata kwa mgema mmoja siku moja. Zama za viroba, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, angalau mlevi alihesabu vifuko mfukoni. Mnazi hauhesabiki. Aliyekunywa mnazi hana hesabu ya kufanya, ana gari la kuliacha.

Basi kati ya njia za kurudi nyumbani, mimi nazipanga hivi. Ndani ya mji, bajaji. Zipo mpaka usiku wa manane, na gari lako likibaki Raskazone au Chumbageni kwa mlinzi utalikuta. Bodaboda ni ya pili, kwa sharti kwamba umemnusa mwendeshaji naye, maana wengine wanatoka palepale ulipotoka wewe. Ukiwa nje ya mji, lala. Gesti ya Muheza au Korogwe ni nafuu kuliko usiku mmoja wa mahabusu. Kulala ndani ya gari naikubali shingo upande: siti ya nyuma, gari nje ya barabara, ufunguo kwa mlinzi. Rafiki "aliyekunywa kidogo" simpangi popote.

Mpwa ameifuta ile klipu. Jumamosi ana harusi Lushoto, na amepatana na mwenzake asiyekunywa washike zamu: yeye anapanda, mwenzake anashusha zile kona za kuja Mombo. Usiku akanipigia tena.

"Mjomba, na mwenzangu akionja boha la Wasambaa?"

"Mtalala Lushoto. Chukua sweta."